Filamu ya kijana aliyeunguzwa maabara, na nyingine za shuleni za miaka ya themanini

Msomaji wetu wa Mwanza ameleta swali hili. Akiwa mtoto, miaka ya tisini, aliona kwenye banda la video filamu ya kijana aliyekuwa akionewa na wenzake shuleni mpaka akaungua uso kwa tindikali ndani ya maabara. Miaka ikapita, wale wenzake wakaitwa tena kwenye shule ile, ambayo ilikuwa imeshageuka gofu, na mtu aliyevaa kinyago cha mchekeshaji wa zamani akaanza kuwamaliza mmoja mmoja. Jina la filamu hakulishika. Anauliza ilikuwa filamu gani, kama ziko nyingine za namna hiyo, na kwa nini watengenezaji wa enzi zile walipenda sana kupeleka mauaji shuleni.

Ndugu yangu, la kwanza halina utata. Uliyoiona ni Slaughter High, ya mwaka 1986. Kijana yule anaitwa Marty Rantzen, na mambo yote yanaanza tarehe 1 Aprili, Siku ya Wajinga, ambayo pia ni siku yake ya kuzaliwa. Msichana mrembo wa darasa anamwita kwenye bafu la wasichana na kumwambia avue nguo. Pazia likivutwa, kundi zima limesimama pale na kamera, linacheka. Hawatosheki. Siku hiyohiyo mmoja wao anaharibu jaribio lake la kemia, maabara inashika moto, na chupa ya tindikali iliyokuwa juu ya rafu inaanguka. Usoni mwa Marty hapabaki kitu cha kutazamika.

Iangalie tena sasa ukiwa mtu mzima, utaona mambo ambayo utotoni huwezi kuyaona. Shule ile inajidai iko Marekani, lakini filamu ilipigwa Uingereza na waongozaji watatu wa huko: George Dugdale, Mark Ezra na Peter Litten. Waigizaji wanajitahidi kuongea Kimarekani na kila baada ya dakika chache lafudhi inawaponyoka. Hata kanuni inayobeba hadithi nzima, kwamba mzaha wa Siku ya Wajinga unakoma saa sita mchana, ni desturi ya Waingereza. Caroline Munro, anayecheza Carol, alizaliwa mwaka 1949 na alikuwa ameshaigiza kwenye The Spy Who Loved Me ya James Bond mwaka 1977. Hapa anacheza msichana wa shule bila wasiwasi wowote. Jina la kwanza la filamu lilikuwa April Fool's Day, ikabidi libadilishwe kwa kuwa studio ya Paramount ilikuwa na filamu yake yenye jina hilohilo mwaka uleule. Simon Scuddamore, aliyecheza Marty, hakuwahi kuonekana kwenye filamu nyingine. Alifariki kabla hii haijafika kwa watazamaji, na mimi kila ninapoitazama sehemu ile ya bafuni siwezi kucheka pamoja na lile kundi, hata pale ambapo waongozaji walitaka nicheke.

Swali lako la tatu ndilo lenye uzito, kwa hiyo nitalitanguliza kabla ya kukupa orodha.

Filamu za slasha, yaani zile za muuaji mmoja aliyejifunika uso anayewafuata vijana mmoja baada ya mwingine, zilishika kasi kwa sababu ya hesabu. Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978, ilitengenezwa kwa kiasi cha dola 300,000 hivi na kuingiza zaidi ya dola milioni 40 Marekani pekee. Mwaka 1980 Friday the 13th, iliyopigwa kwenye kambi ya maskauti huko New Jersey, ilinunuliwa na Paramount, studio kubwa, nayo ikaleta faida ya kushangaza. Baada ya hapo kila mtayarishaji mwenye fedha kidogo alianza kutafuta mambo mawili: siku kwenye kalenda, na mahali ambapo vijana wengi wanaweza kukaa bila wazazi.

Shule ilimpa yote mawili kwa mpigo. Mwaka wa shule una sikukuu zake: dansi kubwa ya mwisho wa mwaka, ambayo Wamarekani wanaiita promu, mahafali, wiki ya mitihani, usiku wa kuwapokea wanachama wapya wa klabu za chuo, likizo ya Krismasi. Majina ya filamu yenyewe yanasomeka kama ratiba iliyobandikwa ubaoni: Prom Night, Graduation Day, Final Exam, Hell Night. Jengo la shule wakati wa likizo liko tupu na linakodishwa kwa bei nafuu. Lina korido ndefu zisizo na pa kujificha, mabafu ya pamoja, chumba cha mitambo chini ya ardhi, maabara yenye sumu halali, karakana yenye misumeno halali. Waigizaji ni vijana wasio na jina, malipo yao ni madogo. Na mtazamaji aliyelengwa, mwenye miaka kumi na sita au kumi na saba, alikuwa anatoka ndani ya jengo la namna hiyo mchana na kuliona kwenye skrini usiku.

Kanada nayo ina mkono wake. Kuanzia katikati ya miaka ya sabini, sheria ya kodi ya nchi hiyo ilimruhusu mwekezaji kuondoa kwenye mapato yake yanayotozwa kodi asilimia 100 ya fedha alizoweka kwenye filamu ya Kikanada. Madaktari wa meno na mawakili ambao hawakuwa na habari na sinema wakaanza kugharamia filamu. Ndiyo maana shule nyingi za "Kimarekani" unazoziona humo ni za Kanada. Prom Night ilipigwa Toronto. Terror Train, ya wanafunzi wanaosherehekea mwaka mpya ndani ya treni, ilipigwa Montreal. Happy Birthday to Me nayo sehemu kubwa ni Montreal. Hata Black Christmas ya mwaka 1974, mama wa filamu zote hizi, ambamo muuaji anawapigia simu wasichana wa chuo kutoka ndani ya nyumba yao wenyewe, ni kazi ya Kanada.

Lakini fedha na majengo havielezi kwa nini filamu hizi bado zinatukaa kichwani miaka arobaini baadaye. Kwa maoni yangu, na nimezitazama kwa miaka mingi, kinachozifanya za shuleni ziwe tofauti na za kambini au za mtaani ni kosa la kundi. Kambini muuaji anakuja kutoka porini. Shuleni mara nyingi wanafunzi wenyewe wamemtengeneza. Kuna mzaha uliopita kiasi, mtu akafa au akaharibika, na wote waliokuwepo wakaapa kunyamaza. Aliyesoma bweni anakijua kiapo hicho. Ukiwa kidato cha kwanza, mono au njuka kama wanavyoitwa, unafanyiwa mambo usiku, na asubuhi mwalimu akiuliza nani amefanya, bweni zima linatazama sakafu. Filamu hizi zinauliza: je, yule aliyefanyiwa angerudi kudai?

Chukua Prom Night, ya mwaka 1980, iliyoongozwa na Paul Lynch. Watoto wanne wanacheza ndani ya jengo lililoachwa, mchezo wao ni wa wauaji wanaowinda. Msichana mdogo anayeitwa Robin anaingia. Wanamzunguka, wanamfuata huku wakirudia maneno ya mchezo wao, yeye anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka dirishani, na kioo kinavunjika. Hakuna aliyemsukuma. Hapo ndipo ukali wa sehemu hiyo ulipo: hakuna mkono mmoja unaoweza kuunyooshea kidole. Mmoja wao, Wendy, anawaapisha wenzake wote wasiseme, na polisi wanamkamata mtu mwingine kabisa. Miaka sita baadaye wanne wale wako mwaka wa mwisho, promu imefika, na mtu anawapigia simu kila mmoja kwa zamu.

Wengi wanaolalamika kuhusu Prom Night wanasema inachelewa, na ni kweli. Karibu saa nzima inapita kabla ya shule kuonja damu. Mimi sioni kuwa ni udhaifu. Muda huo tunaona nani anamtaka nani, nani ameachwa, nani analipiza kisasi kidogo cha wivu bila kujua kwamba kikubwa kinakuja. Jamie Lee Curtis, aliyekuwa ametoka kwenye Halloween, anacheza dada mkubwa wa Robin, na dansi yake ya disko kwenye sakafu yenye taa ni ndefu kuliko inavyohitajika na inapendeza mno. Kisha inakuja ile sehemu ambayo kila aliyeitazama anaikumbuka. Taa zinawashwa jukwaani, umati unasubiri mfalme wa promu atokee na taji lake, na kinachobingirika kwenye njia ile ya taa ni kichwa chake. Muuaji mwenyewe amekosea mtu. Kijana mhuni alikuwa amempokonya mfalme halali taji na nafasi yake, akafa kwa ajili ya cheo ambacho hakikuwa chake.

Ambayo imelichukua wazo la kosa la kundi na kulifikisha mbali zaidi ni The House on Sorority Row, iliyotoka mwaka 1983. Mark Rosman aliiongoza akiwa kijana mdogo, baada ya kufanya kazi chini ya mwongozaji Brian De Palma, na mafunzo hayo yanaonekana. Vyuo vya Marekani vina klabu za wasichana wanaoishi nyumba moja na kuapishana kuwa dada. Wasichana saba wa nyumba hii wanataka kufanya sherehe ya mahafali, bibi msimamizi wa nyumba, Mrs. Slater, anakataa. Wanaamua kumfanyia mzaha wa bastola kando ya bwawa la kuogelea. Bastola inalia kweli. Bibi anakufa, au wanaamini amekufa, na wageni wa sherehe wanakaribia kufika. Wanamzamisha kwenye bwawa lenyewe, ambalo maji yake ni machafu na meusi, na sherehe inaendelea.

Angalia jinsi Rosman anavyolitumia bwawa lile. Kuna muziki, wageni wanacheza, wengine wanataka kuogelea. Wasichana saba wanajua kilicho chini. Taa za bwawa zikiwashwa tu, wote wamekwisha, kwa hiyo mmoja anatumwa chini kwenye chumba cha umeme kuzizuia. Tunabaki na sura zao, kila mmoja anatabasamu na mgeni huku jicho likiwa majini. Taa zinakuja kuwaka, na bwawa halina mtu. Kwa sekunde moja wanapumua, halafu wanaelewa maana yake. Sehemu nzima hiyo haina hata tone la damu, na mimi sijaona slasha ya miaka ile iliyonibana kifua kama pale. Kama una nafasi ya kuona moja tu, ona hii.

Happy Birthday to Me, ya mwaka 1981, ni ya watoto wa matajiri. Crawford Academy ina kundi la wanafunzi kumi wanaojiona bora kuliko wengine wote, na Virginia, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa ubongo baada ya ajali, anapotewa na kumbukumbu wakati wenzake wanapotoweka. Mwongozaji ni J. Lee Thompson, yuleyule aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa The Guns of Navarone ya mwaka 1961. Melissa Sue Anderson, anayecheza Virginia, Wamarekani walimzoea kama binti mpole wa tamthilia ya Little House on the Prairie, na kumwona amesimama na keki mbele ya meza ile ya mwisho kuliwashtua. Meza yenyewe sikuelezei, iache ikufikie. Bango lake la kijana anayelishwa mshikaki lilibandikwa kila mahali, na lilisababisha wengi wadhani ni filamu ya kijinga. Sivyo hata kidogo. Chini ya damu kuna hadithi ya uchungu kuhusu mama aliyedharauliwa na wenye fedha wa mji na sherehe ya kuzaliwa ambayo hakuna aliyekuja.

Nyingine nitazipitia haraka. Graduation Day, 1981: mwanariadha wa kike anakufa mara baada ya kumaliza mbio, na wenzake wa timu wanauawa siku za kuelekea mahafali na mtu mwenye saa ya kupimia mbio na kinyago cha mchezo wa vitara. Wazo lake ni zuri kuliko utengenezaji wake. Final Exam, pia ya 1981, iko tofauti na hizi zote kwa kuwa muuaji wake hana jina wala sababu. Ndani yake wanafunzi wa klabu moja wanaigiza shambulio la bunduki katikati ya chuo ili mwenzao apate nafasi ya kuiba mtihani. Kisha muuaji wa kweli anapokuja na mwanafunzi akapiga simu kuomba msaada, mkuu wa polisi anadhani ni mzaha mwingine. Mwaka 1981 sehemu ile ilikuwa ya kuchekesha. Leo, baada ya mauaji ya bunduki kwenye shule ya Columbine, Marekani, mwaka 1999 na yaliyofuata, haitazamiki kwa urahisi, na sidhani kama kuna studio ingeipiga tena.

The Slumber Party Massacre, 1982, iliandikwa na Rita Mae Brown na kuongozwa na Amy Holden Jones, wanawake wawili, kuhusu wasichana wa timu ya mpira wa kikapu na mtu mwenye keekee ya umeme. Pieces, ya mwaka huohuo, ni ya Mhispania Juan Piquer Simón. Inajidai kuwa chuo cha Boston, lakini ilipigwa zaidi Hispania, na muuaji wake ana msumeno wa mashine na fumbo la picha analolipanga kipande kwa kipande. Mantiki haina, lakini ina nguvu ya ajabu, na mashabiki wake ni waaminifu kama wa klabu ya mpira. The Dorm That Dripped Blood nayo ni ya 1982, kazi ya Jeffrey Obrow na Stephen Carpenter waliokuwa wanafunzi wa UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, waliopiga picha kwenye chuo chao wenyewe wakati wa likizo. Mwisho wake ni katili kuliko wowote niliotaja hapa. Uingereza ilitoka kwa jina la Pranks na kujikuta kwenye orodha ya kanda zilizoandamwa na waendesha mashtaka, katika zogo lililozaa sheria ya kanda za video ya mwaka 1984.

Zogo halikuwa Uingereza tu. Mwaka 1980 wahakiki wa Marekani Gene Siskel na Roger Ebert walitumia kipindi kizima cha televisheni kuzishutumu filamu hizi kwa kuwageuza wanawake kuwa windo. Shutuma yao ina ukweli. Ziko ambazo kamera inakaa kwa msichana anayevua nguo muda mrefu kuliko inavyokaa kwa maumivu yake, na mimi sizitetei. Lakini mwaka 1987 msomi Carol Clover aliandika makala ndefu akionyesha kwamba anayebaki hai mwisho, anayeona kabla ya wengine na kupambana, karibu kila mara ni msichana, na kwamba vijana wa kiume waliojaa ukumbini walikuwa wanaogopa na kushinda pamoja naye. Katika zile za shuleni nimeona jambo moja zaidi: Katey wa The House on Sorority Row ndiye aliyesema tangu mwanzo tuite msaada. Anabeba hatia ya wenzake ingawa alikataa, kwa sababu alikubali kunyamaza.

Mwisho wa muongo aina hii ilichoka. Freddy Krueger, muuaji wa A Nightmare on Elm Street anayewafuata vijana usingizini, alikuwa ameshafungua mlango wa ndoto mwaka 1984, na wote wakataka mizimu. Ndipo Hello Mary Lou: Prom Night II ya mwaka 1987 ikaleta malkia wa promu aliyeungua jukwaani mwaka 1957 akirudi ndani ya mwili wa msichana mwingine. Ubao wa darasani unageuka maji na kumvuta ndani. Naipenda sana hiyo, ingawa haina uhusiano wowote na ya kwanza zaidi ya jina la shule. Return to Horror High, 1987, ina George Clooney ambaye hajajulikana na anayeuawa mapema. Cutting Class, 1989, ina Brad Pitt. Nje ya sura hizo mbili hazina mengi. Ilibidi tusubiri mpaka Scream, 1996, shule iwe na maana tena, na hata hapo bodi ya shule za Santa Rosa, California, iliwanyima watengenezaji ruhusa ya kupiga picha kwenye shule yao baada ya kusoma muswada. Watengenezaji waliwajibu kwa kuandika mwishoni mwa filamu kwamba bodi hiyo haishukuriwi kabisa.

Ushauri wangu wa kuanzia: tazama Prom Night kwanza, kisha The House on Sorority Row, kisha Happy Birthday to Me, halafu ndipo urudi kwa Marty wako. Usitazame Prom Night kwenye nakala iliyotolewa kwenye kanda ya zamani. Ilipigwa kwa mwanga hafifu, na kanda ziliigeuza giza tupu kiasi kwamba nusu ya mauaji ulikuwa unayasikia tu. Synapse Films walitoa nakala iliyosafishwa mwaka 2014, na tofauti yake ni kubwa. Kama una watoto nyumbani, zote ziwe za usiku wao wakiwa wamelala. Na kama ulikuwa na rafiki uliyeketi naye banda lile la video, mwambie jina la filamu. Huenda naye ameitafuta.